Hedi ya Mtumba: Mwaga Mafuta ya Taa Kabla ya Kumwaga Hela

Leo tunaacha kidogo mbolea na viuatilifu, tunafungua injini. Najua kuna atakayeniuliza, "Bwana shamba, hayo si mambo ya fundi?" Ni ya fundi, sawa. Lakini hela ni yako, trekta ni lako, na msimu ukikupita fundi hatakulipa magunia.

Kila mwaka mvua zikikaribia, malalamiko ni yaleyale. Trekta haliwaki asubuhi mpaka lisukumwe. Likiwaka linatoa moshi mweupe. Ukishusha jembe linakosa nguvu. Fundi anafungua, anatikisa kichwa: "Hedi imekufa hii, tafuta nyingine." Hedi mpya bei yake inatoa jasho, kwa hiyo unaingia kwenye maduka ya spea zilizotumika. Unaikuta hedi imepulizwa rangi ya fedha, inang'aa kama sufuria ya harusi. Muuzaji anakwambia, "Hii kaka ni kufunga na kuondoka."

Hapo ndo ninapotaka usimame kwanza. Hedi ya mtumba siyo kitu kibaya. Matrekta mengi tu yanatembea na hedi za mtumba na yanapiga kazi vizuri. Kibaya ni kuifunga kabla hujajua kama valvu zake zinashika. Na kulijua hilo hakuhitaji kompyuta. Kunahitaji mafuta ya taa, tochi na nusu saa ya utulivu.

Valvu inafanya kazi gani

Nitatumia mfano wa Massey Ferguson 240, kwa sababu ni trekta ambalo wengi mnalifahamu. MF 240 nyingi zina injini ya Perkins AD3.152. Jina lenyewe linajieleza: silinda 3, na ujazo wa inchi 152 za mchemraba, yaani kama lita 2.5. Kila silinda ina valvu mbili, moja ya kuingiza hewa na moja ya kutoa moshi. Jumla valvu 6.

Dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Moto unatokana na hewa kubanwa. Injini nyingi za dizeli za matrekta zinabana hewa mpaka inabaki chini ya sehemu moja ya 16 ya nafasi yake ya mwanzo, hewa inapata joto kali, ndipo nozeli inapuliza mafuta na yanawaka yenyewe. Sasa kama valvu haikai sawasawa kwenye siti yake, hewa inatoroka wakati pistoni inapanda. Mbano ukipungua, joto halifiki. Asubuhi kukiwa na baridi ndo kabisa, unapiga stata mpaka betri inalala.

Fikiria pia kazi ambayo valvu inafanya. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 1,000. Siku moja ya kulima kwa saa 8 ni mara 480,000. Na valvu ya moshi ina mzigo wa ziada: moto unaipitia muda wote, na sehemu kubwa ya joto lake inatokea pale inapogusana na siti. Isipogusana vizuri, joto halina pa kwenda. Valvu inaungua ukingo, nafasi inaongezeka, inavuja zaidi, inaungua zaidi. Ndiyo maana kuvuja kidogo hakubaki kuwa kidogo.

Hakikisha kwanza ni hedi

Kabla ya kutafuta hedi nyingine, hakikisha ugonjwa uko kwenye hedi. Fundi mwenye kompresa anaweza kutoa nozeli, akaweka pistoni juu kabisa ya mbano wakati valvu zote mbili zimefunga, halafu akaingiza hewa kwenye tundu la nozeli. Gia iwe huru, na mtu yeyote asiweke mkono karibu na feni, maana injini inaweza kujizungusha. Kisha sikilizeni:

- Hewa ikisikika kwenye bomba la moshi, valvu ya moshi inavuja.
- Ikisikika kwenye njia ya kisafisha hewa, valvu ya kuingiza hewa inavuja.
- Rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya hedi imeungua au kuna ufa.
- Ikitoka kwa nguvu kwenye mfuniko wa oili, tatizo ni ringi na silinda, na hedi mpya haitakusaidia kitu.

Hiyo ya mwisho muiandike ukutani. Mtu ananunua hedi, gasketi na ufundi, trekta linarudi palepale kwa sababu ringi ndo zilikuwa zimekwisha.

Kilichowapata vijana wa kulimia watu

Kuna kikundi cha vijana ninachokihudumia, wana MF 240 na wanalimia watu kwa mkataba. Mwaka juzi trekta lao lilichemsha, hedi ikapata ufa. Walikuwa wameshapokea malipo ya awali kutoka kwa wateja, na mvua ilikuwa mlangoni. Wakanunua hedi ya mtumba, safi kwa macho, imepakwa rangi. Ikafungwa siku hiyohiyo. Injini iliwaka ila silinda moja ilikuwa kama inaruka. Wakaambiwa, "Itajisawazisha ikipata joto."

Haikujisawazisha. Siku ya tatu asubuhi trekta halikuwaka kabisa. Waliponiita hedi ilikuwa tayari imefunguliwa tena, na gasketi mpya ilikuwa imeshaharibika. Tuliilaza hedi kwenye matofali, tukamimina mafuta ya taa kwenye tundu la moshi la silinda ya pili. Sikuwa nimemaliza kumimina, yakaanza kudondoka upande wa pili. Tulipoitoa ile valvu, ukingo wake ulikuwa umeliwa kama umetafunwa na panya. Chini ya rangi nzuri.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hedi yenyewe haikuwa mbovu. Haikuwa na ufa. Ilihitaji valvu moja mpya, siti zikachongwa, valvu nyingine zikasagwa. Hedi ileile ikarudi kwenye trekta na ikamaliza msimu. Yaani kazi iliyofanyika baadaye ndiyo ambayo ingefanyika mwanzo, kwa gharama ileile. Tofauti ilikuwa siku 11 za trekta kulala, gasketi ya pili, na wateja wawili waliodai hela yao wakaenda kwa mwenye trekta lingine. Mvua haikuwasubiri.

Dukani: angalia nini kabla ya kulipa

Nenda na hedi yako ya zamani. Hedi nyingi zinafanana kwa macho lakini zinatofautiana kwenye njia za maji, nafasi ya nozeli au kina cha valvu. Linganisha namba zilizosubuliwa kwenye chuma, weka gasketi juu ya zote mbili uone matundu yanaoana.

Halafu fanya haya, na muuzaji asiyetaka ufanye, mwachie hedi yake:

*Nyufa.* Angalia hasa kati ya siti mbili za valvu, na kati ya siti na tundu la nozeli. Safisha pale na brashi ya waya. Paka mafuta ya taa, acha dakika chache yaingie, futa pakauke, kisha paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Kipimo hiki kinaonyesha ufa wa juu tu. Ufa wa ndani kwenye njia za maji unapimwa kwa mchonga vyuma, anaziba matundu na kuingiza hewa yenye mgandamizo huku hedi ikiwa ndani ya maji.

*Kupinda.* Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Pitisha fila chini yake. Mimi fila ya milimita 0.10 ikipita, naihesabu hedi hiyo kuwa ya kwenda kuchongwa, na gharama hiyo naitoa kwenye bei ya muuzaji.

*Imeshachongwa mara ngapi?* Kila ikichongwa hedi inakuwa nyembamba, valvu zinasogea karibu na pistoni na ncha ya nozeli inajitokeza zaidi. Pima unene na ulinganishe na kitabu cha injini. Hedi iliyokwisha nyama usiichukue hata ukipewa kwa bei ya chumvi.

*Gaidi.* Hilo ni bomba dogo ambamo mti wa valvu unapita. Inua valvu kidogo, itikise kushoto na kulia. Ikicheza sana, gaidi imeliwa. Valvu inayocheza haiwezi kutua sehemu moja kila mara, hata ukiisaga wiki nzima.

*Kina cha valvu.* Valvu iliyozama sana ndani ya hedi inaonyesha siti imeshachongwa mno. Kwenye dizeli hiyo ni nafasi inayopunguza mbano. Inawezekana kuweka siti mpya za kupachika, ila ni kazi ya mashine na ina bei yake.

Kipimo chenyewe cha mafuta ya taa

Hapa kuna kitu ambacho watu wanachanganya. Hedi ya injini ndogo ya petroli ina bakuli la moto, kwa hiyo unaigeuza bakuli likae juu, plagi ikiwa imefungwa, unamimina mafuta ya taa na kuchungulia kwenye matundu ya hewa na moshi. Hedi ya AD3.152 uso wake ni bapa, bakuli liko kwenye pistoni. Ukimimina juu yatamwagika tu. Kwa hiyo unaisimamisha kwa ubavu, matundu ya hewa au ya moshi yakitazama juu, unamimina ndani ya tundu, halafu unaangalia nyuso za valvu upande wa pili.

Utaratibu ni huu:

1. Valvu ziwe zimefungwa na springi zake. Valvu isiyo na springi haijapimwa.
2. Futa nyuso za valvu zikauke kabisa, piga tochi.
3. Mimina mafuta ya taa kwenye tundu moja moja. Usitumie petroli, na sigara ikae mbali.
4. Subiri dakika 10. Usiondoke, angalia.

Yakidondoka au kutiririka, valvu hiyo haishiki. Ukiona unyevu mwembamba tu baada ya muda mrefu, siyo msiba, lakini kusaga kidogo kutaumaliza. Ipige valvu kidogo kwa nyundo ya mbao kichwani mwa mti wake, maana wakati mwingine ni chembe ya masizi imekwama, kisha rudia. Ikiendelea kuvuja, ifungue.

Andika matokeo kwa chaki kwenye hedi: silinda ya ngapi, valvu ipi. Ukitoka hapo unajua unajadili bei ya kitu gani.

Kusaga, na mahali ambapo kusaga hakutoshi

Ukitoa valvu, toboa matundu 6 kwenye kipande cha boksi, uyaandike namba, kila valvu ikae kwenye tundu lake. Valvu na siti ni kama mume na mke waliozoeana, usiwachanganye. Springi na vile vikufuli viwili vidogo vinavyoishika viende pamoja na valvu yake.

Ondoa masizi yote. Kagua uso wa valvu: kama una vishimo vya kina, umeungua ukingo au mti umepinda, hiyo usiisage kwa mkono. Dawa ya kusagia inakula valvu na siti kwa pamoja. Ukilazimisha kuondoa vishimo vya valvu, unaichimba siti ambayo haikuwa na kosa. Peleka valvu ikanolewe kwenye mashine au nunua mpya, na siti ichongwe kwa pembe ya kitabu, ambayo kwa injini nyingi ni digrii 45. Valvu zenye uso uliopakwa madini maalumu nazo hazisagwi kabisa kwa dawa. Uliza kabla ya kuanza.

Kama uso una madoa madogo tu, paka dawa ya kusagia kidogo, kama punje za mchele tatu au nne, kwenye uso wa valvu pekee. Isiguse mti, la sivyo inakula gaidi. Tumia kijiti chenye mpira wa kunyonya, kizungushe kwa viganja huku na huku kama unayepekecha moto. Kila baada ya mizunguko michache, inua valvu, igeuze robo, rudisha. Anza na dawa ya chengachenga, malizia na laini. Utasikia sauti inabadilika kutoka kukwaruza hadi kuteleza.

Unachotafuta ni mkanda mmoja wa kijivu, umezunguka wote bila kukatika, upana sawa kila mahali, kwenye valvu na kwenye siti. Mkanda ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba mwingine, gaidi au siti haijanyooka. Ukitaka uhakika, futa kote, chora mistari ya penseli kukatiza uso wa valvu, rudisha valvu ndani na uizungushe robo tu. Mistari yote ikikatika sehemu moja, valvu imekaa. Kama kuna mistari iliyobaki mizima, hapo ndipo hewa itapita.

Kisha osha. Osha tena. Punje za ile dawa zikibaki zitashuka kwenye silinda na kufanya kazi ya msasa kwenye ringi. Funga springi na sili mpya, halafu rudia kipimo cha mafuta ya taa. Hedi isirudi juu ya injini kabla ya kufaulu, hata kama mteja amesimama getini.

Kufunga bila kuharibu

Gasketi iwe mpya kila mara. Matundu ya bolti kwenye bloki yakaushwe, maana bolti ikikandamiza maji au oili chini ya tundu inaweza kupasua bloki. Kaza kwa spana ya toki, ukianzia katikati kwenda nje, kwa awamu kama tatu, kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. "Mkono wangu unajua" si kipimo. Injini za umri huu nyingi zinataka zikazwe tena baada ya kupata joto, fuata kitabu.

Halafu seti nafasi ya tapeti. Kwa AD3.152 ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi, valvu zote. Watu wanapuuza hapa. Umesaga valvu, kwa hiyo imeingia ndani kidogo na mti wake umepanda juu. Usiposeti upya, roka itaibonyeza muda wote, haitafunga, na kazi yako yote ya kusaga itaungua ndani ya wiki.

Wenye pampu za umwagiliaji

Nyie wa nyanya na vitunguu, maneno haya ni yenu pia. Injini ya Honda GX160 na zile zinazofanana nayo zina hedi ya alumini yenye valvu mbili, na kamba ya kuwashia ikivutika kirahisi kupita kawaida, mbano umepotea. Kipimo cha mafuta ya taa kwenye bakuli ni dakika chache. Kwa GX160 nafasi ya tapeti ikiwa baridi ni milimita 0.15 kwa valvu ya hewa na 0.20 kwa valvu ya moshi. Bolti za hedi zinakazwa kwa Nyutoni mita 24, na uso wa hedi usipinde zaidi ya milimita 0.10. Zile za kuiga, angalia kijitabu chake kwanza. Mara nyingi dawa yake ni kusaga na kuseti tu, lakini watu wanatupa pampu nzima.

Piga hesabu, halafu tibu chanzo

Bei ya hedi ya mtumba siyo ile unayoambiwa dukani. Jumlisha bei ya hedi, valvu zitakazobadilishwa, kuchonga siti na uso, gasketi, sili na ufundi. Jumla hiyo ndiyo unayoilinganisha na kukarabati hedi yako mwenyewe, au kununua mpya. Mara nyingi hedi yako isiyo na ufa ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, kwa sababu historia yake unaijua.

Na jiulize ile ya kwanza ilikufa kwa nini. Kama rejeta imejaa makapi na mkanda wa feni umelegea, hedi mpya itachemka kama ya kwanza. Kama kisafisha hewa kinapitisha vumbi, valvu na gaidi zitaliwa tena.

Ushauri wangu: fanyeni haya mwezi mmoja au miwili kabla ya mvua, wakati mchonga vyuma hana foleni na wewe huna presha. Anayenunua hedi wakati wingu limetanda hanunui kwa macho yake, ananunua kwa hofu. Mwenye swali aniandikie aina ya injini na dalili anazoziona, tutaongea.

Tukutane shambani.